Nani anamfuata nani: picha, jedwali na nembo zilizounganishwa ndani ya InDesign

Kijana mmoja wa Mafinga, anayetumia InDesign (programu ya kupanga kurasa za kuchapa), ameniandikia hivi. Nimefupisha kidogo tu:

"Shikamoo mwalimu. Nafanya kazi kwenye steshenari hapa Mafinga. Nilipewa kitabu cha kurasa 48 cha mkutano mkuu wa AMCOS (chama cha ushirika) ya wakulima wa chai, nikakipanga kwa InDesign. Mambo matatu yamenishinda. La kwanza, jedwali la kilo na malipo lilikuwa na makosa, nikalisahihisha mwenyewe ukurasani, tarakimu 23. Baadaye mhasibu akanitumia Excel mpya yenye wanachama wawili walioongezwa, nikaiweka palepale pa zamani kwa jina lilelile. Kesho yake nafungua kazi, makosa yote yamerudi. La pili, nilipofika kiwandani Mbeya na faili kwenye fleshi, picha za mashamba zilikuwa na alama nyekundu, na sampuli ikatoka na picha za ukungu. Ajabu ni kwamba picha moja ndogo ya jani la chai ilitoka safi, ingawa nayo ilikuwa na alama hiyohiyo. La tatu, nembo ya chama iko kwenye kurasa kumi. Wamebadilisha rangi. Nimebadilisha ya kwanza, tisa zimebaki vilevile. Nilidhani vitu vikishakopiwa vinafuatana. Kwani nani anamfuata nani?"

Marahaba, mdogo wangu. Pole kwa safari, maana najua kutoka Mafinga mpaka huku ni siku nzima inakwenda, na kurudi bila kazi kunaumiza. Maswali yako matatu yana mzizi mmoja, na umeugusa mwenyewe kwenye sentensi ya mwisho. Kabla hujagusa kitu chochote ukurasani, jua asili yake inakaa wapi. Mengine yote yanatoka hapo.

Nianze na jedwali, kwa sababu ndilo lenye hatari kubwa. Picha ya ukungu kila mtu anaiona. Lakini kilo 4,180 zilizoandikwa mahali pa 4,810 hazionwi na mtu yeyote isipokuwa mkulima mwenyewe, amesimama katikati ya ukumbi na kitabu mkononi.

Kwa kawaida jedwali la Excel likiingizwa InDesign haliachi linki yoyote, yaani kiungo cha kulifuata faili la asili. Linakuja, linakuwa mali ya ukurasa, na faili la Excel unaweza hata kulifuta. Ila kwenye mapendeleo ya programu, sehemu inayohusu mafaili, kuna kisanduku kinachoagiza linki iundwe kila unapoingiza maandishi au jedwali. Kisanduku hicho huja bila tiki. Kwenye kompyuta yako kuna mtu alikitia tiki, labda wewe, labda aliyekaa hapo kabla yako. Kwa hiyo jedwali lako lilikuwa linafuata Excel tangu siku ya kwanza, nawe hukujua.

Ulipoweka Excel mpya juu ya ile ya zamani, InDesign iliona faili limebadilika. Ulipofungua kazi ilikutolea dirisha likikuuliza kama usasishe linki sasa au baadaye. Najua ulichofanya, kwa sababu tunalibofya dirisha hilo bila kulisoma. Ukakubali. Hapo InDesign haikukaa kulinganisha safu kwa safu, ikaacha masahihisho yako na kuongeza wale wanachama wawili tu. Haina uwezo huo. Ilichukua lile jedwali lililokuwa ukurasani, ikalitupa, ikaleta jipya zima kutoka Excel. Na Excel ya mhasibu haikuwa imesikia habari za masahihisho yako, kwa kuwa uliyafanya kwako tu.

Mkondo wa linki ni wa upande mmoja: unatoka kwenye faili unakuja ukurasani. Haurudi. Unachorekebisha ukurasani hakipandi kwenda kwenye Excel hata ukisevu mara mia.

Sasa utauliza, mbona picha hazifanyi ukatili huo? Picha niliipunguza, nikaikata pembeni, nikaizungushia mstari, nikaisasisha, na kila kitu kikabaki. Hapa ndipo pa kuelewa vizuri. Kitu kilichounganishwa kina mali za pande mbili. Kuna mali za faili: pikseli (vile vinukta vinavyounda picha), rangi, mwanga, kila kilichomo ndani ya picha. Na kuna mali za ukurasa: ukubwa wa fremu, mkato, mahali picha ilipokaa, mstari wa pembeni, kivuli. Ukisasisha, InDesign inaleta upya mali za faili na kuziacha mali za ukurasa zilivyo. Kwenye picha pande hizi mbili hazigombani, kwa sababu ndani ya InDesign huwezi kuingia kwenye picha ukabadilisha uso wa mtu. Kwa jedwali na maandishi mambo ni tofauti. Herufi zenyewe zimeletwa ndani ya kazi yako, unaweza kuzifuta na kuziandika upya, huku faili nalo bado linadai ni zake. Kitu kimoja kina wenyewe wawili. Siku ya kusasisha, mmoja lazima apoteze, na anayepoteza ni wewe uliye ukurasani. Mapambo pia huondoka: rangi za safu, unene wa mistari, upana wa nguzo ulioupanga kwa mkono.

Kwa hiyo chagua mwenyeji mmoja. Mimi kwa kazi za vyama vya ushirika huwa nachagua Excel. Makosa nikiyaona ukurasani, nayasahihisha kwenye Excel, au bora zaidi namrudishia mhasibu ayasahihishe yeye, kisha nasasisha. Jedwali nalivalisha kwa staili za jedwali na za seli, si kwa kupaka kisanduku kimojakimoja, ili likija jipya nilivalishe tena kwa dakika chache. Njia ya pili ni kukata linki kabisa. Chagua jedwali kwenye paneli ya Links, ile orodha ya vitu vyote vilivyounganishwa, fungua menyu ya paneli, kuna amri ya Unlink. Baada ya hapo jedwali ni la ukurasa, Excel ije mpya au isije, halitikisiki. Njia hii ni halali, ila tu usiifuate huku mhasibu bado anakutumia mafaili kila siku. Usichanganye njia mbili kwenye jedwali moja. Ndicho kilichokuponza.

Na zile tarakimu 23 usikate tamaa. Kama uliwahi kumtumia mwenyekiti sampuli ya PDF baada ya kusahihisha, zimo humo. PDF ikishatoka haimfuati mtu, wala Excel wala InDesign. Ifungue pembeni, uzisome moja moja, uziingize kwenye Excel. Siku nyingine ukiona jedwali limerudi nyuma mbele ya macho yako, kabla ya kitu kingine bonyeza Ctrl na Z. Ukisevu na kufunga, njia hiyo imekwisha.

Tuje kwenye picha. Unapoingiza picha kwa amri ya Place, InDesign haiimezi. Inaandika anwani ya faili na kutengeneza mwonekano mwepesi wa kukuonyesha kwenye skrini. Picha halisi inabaki kwenye folda yake, na itaitwa siku ya kutoa PDF au kuchapa. Anwani yenyewe ni njia nzima, herufi kwa herufi. Picha zako zilikuwa kwenye fleshi, na kompyuta ya steshenari iliiita fleshi hiyo E. Kiwandani kompyuta tayari ilikuwa na diski nyingine yenye herufi E, ikaiita fleshi yako F. InDesign ikaenda kubisha hodi E, ikakuta watu wengine. Ndiyo lile duara jekundu lenye alama ya kuuliza: anwani ipo, mwenyewe hayupo. Pembetatu ya njano yenye alama ya mshangao ni habari nyingine, maana yake mwenyewe yupo ila amebadilika tangu ulipomwona mara ya mwisho. Nyekundu inatafutiwa faili upya, yaani Relink. Njano inasasishwa. Watu wengi wanazichanganya.

Ukichapa huku alama nyekundu ipo, kinachotoka ni ule mwonekano mwepesi wa skrini, basi. Ndio ukungu uliouona. Na jani lako la chai lilitoka safi kwa sababu picha ya kilobaiti 48 au chini ya hapo InDesign huihifadhi nzima ndani ya kazi, hata kama kwenye paneli inaonekana kama linki ya kawaida. Usije ukajipa moyo kwa hilo. Nimeona watu wakitazama nembo ndogo kwenye sampuli, wakaona imekaa vizuri, wakapitisha kazi nzima.

Ukitaka kurekebisha mwanga wa picha moja, usiende kuitafuta kwenye folda ukakosea nakala. Shikilia Alt, ibofye mara mbili palepale ukurasani. Itafunguka kwenye programu yake, rekebisha, sevu, rudi InDesign, utaikuta imeshajisasisha. Lakini usiibadilishe ukubwa huko wala kuikata, kwa sababu mkato wa ukurasani ulipimwa kwa picha ya zamani. Ukiikata kwenye Photoshop baada ya kuipanga, inaweza kuhama ndani ya fremu, ukakuta mkulima hana kichwa. Kazi ya kukata iache kwa fremu.

Na ukikuza picha ukurasani, faili halibadiliki, ila pikseli zilezile zinatandazwa eneo kubwa zaidi. Paneli ya Links inakuonyesha namba mbili za pikseli kwa inchi, ile ya asili na ile halisi baada ya kukuza. Tazama ya pili. Picha ya 300 ukiikuza asilimia 200 imebaki na 150. Ile ya shamba kwenye kava yako, umesema imetoka kwa WhatsApp. Kama ina pikseli 1600 kwa upana, ukiijaza upana wa A4 unapata kama 193, na mtu mwenye macho mazuri ataona. Kujaza upana huo kwa 300 unahitaji pikseli 2480. Mwombe aliyeipiga akutumie ile ya kwenye simu yenyewe, aitume kama dokumenti, kisha uiunganishe kwa Relink. Kwa mpangilio wa kawaida wa programu, picha mpya itakaa kwa ukubwa uleule wa ile ya zamani.

Kuhusu Relink kuna jambo nataka ulisikie kwangu, nililipa bei yake. InDesign ikitafuta picha zilizopotea inafuata majina. Ukiionyesha folda moja, inaweza kukurudishia picha zote zenye majina inayoyatafuta, na hiyo ni rehema kubwa kwenye kazi ya picha mia. Lakini haitazami sura. Miaka ya nyuma nilipanga kitabu cha jubilei ya parokia moja huku nyanda za juu. Picha zilitoka kwa wapigapicha wawili, na kamera zao zilikuwa zinaanza hesabu kwa herufi zilezile. Kulikuwa na DSC_0147 ya katekista mmoja marehemu, na kulikuwa na DSC_0147 ya lori likishusha saruji. Nilipohamisha kazi kwenye kompyuta nyingine, alama nyekundu zikatokea, nikaonyesha folda, zikaondoka zote kwa mpigo mmoja. Nikafurahi. Sikupitia kurasa. Zikachapwa nakala 300. Siku ya uzinduzi mjane wake alikuwa amekaa mstari wa pili, akafungua ukurasa wenye jina la mumewe akakuta lori. Mama yule hakusema neno. Tangu siku hiyo kila picha inayoingia kwangu inabadilishwa jina kabla haijaingizwa ukurasani: ukurasa, mtu au mahali, namba. "12_mama_shambani_01". Angalia vizuri, nasema kabla. Ukibadilisha jina baada ya kuiingiza, umevunja anwani mwenyewe.

Sasa nembo. Hapa dhana yako ndiyo iliyokosea, mdogo wangu, na wengi wanaikosea hivyo. Ulifungua nembo kwenye Illustrator, programu ya michoro, ukaikopi, ukaipesti InDesign. Ikifika hivyo inakuwa mchoro wa InDesign wenyewe, mistari na rangi, haina linki na faili lolote. Na ukiukopi mchoro huo mara kumi unapata michoro kumi, kila mmoja peke yake. Kukopi si kuunganisha.

Ungeiingiza nembo kama faili kwa Place, halafu ukakopi fremu yake mara kumi, zote kumi zingekuwa zinatazama faili moja. Kwenye paneli ungeona jina moja lenye namba za kurasa chini yake. Ungebadilisha rangi kwenye Illustrator, ukasasisha, kumi zote zikabadilika. Ukubwa wa kila moja ungebaki wake, kwa sababu, kama tulivyosema, ukubwa ni mali ya ukurasa. Kwa nembo inayokaa mahali palepale kila ukurasa, mimi naiweka kwenye ukurasa masta, ule wa kiolezo ambao vitu vyake vinatokea kwenye kurasa zinazoutumia, na ambao matoleo ya sasa yanauita ukurasa mzazi. Ukihitaji kuigusa kwenye ukurasa mmoja tu, unaiachilia kwa Ctrl na Shift pamoja huku ukibofya. Na hapa programu ina adabu: ukibadilisha rangi ya fremu tu kwenye ile uliyoiachilia, rangi ndiyo inayoacha kufuata. Ukimhamisha mzazi, yenyewe bado inahama naye. Uhusiano unakatika kwa sifa uliyoigusa, si wote.

Kuna na njia ya tatu, iliyokuja na toleo la CS6 mwaka 2012: kuunganisha kitu cha InDesign na nakala zake ndani ya InDesign yenyewe. Unachagua kitu, kisha amri ya Place and Link, na unapoiweka nakala inakuwa mtoto wa kile cha kwanza. Mzazi akibadilika, watoto wanaonyesha pembetatu ya njano, unawasasisha. Inafaa sana kwa maandishi yanayojirudia, mfano tamko la mwenyekiti lililo kwenye kitabu na kwenye bango. Mtego wake ni uleule wa jedwali. Ukimsahihisha mtoto, mzazi hajui, na siku ya kusasisha masahihisho ya mtoto yanafutwa. Kwenye machaguo ya linki unaweza kuagiza mtoto abaki na ukubwa wake au mwonekano wake, lakini kwa maneno mimi sijaribu bahati. Maneno yanasahihishwa kwa mzazi.

Kwenye sehemu ya barua niliyoifupisha umeniuliza pia kama urudi CorelDRAW, programu ya michoro uliyoizoea. Hiyo kwa kawaida inaihifadhi picha ndani ya kazi, isipokuwa ukiagiza iunganishwe wakati wa kuingiza, kwa hiyo hofu ya alama nyekundu hupungua. Bei yake ni faili kuwa zito, na kila marekebisho ya picha kuanza upya. Kwa bango la harusi sina neno. Kwa kitabu cha kurasa 48 chenye picha nyingi, baki ulipo. Scribus nayo, ambayo ni ya bure, inashika anwani kama InDesign, kwa hiyo adabu hizihizi zitakufaa huko.

Basi fanya hivi. Nakili picha zote kutoka kwenye fleshi ziingie folda moja ya kazi ndani ya kompyuta, zipe majina, uziunganishe, kisha upite kurasa zote 48 kwa macho. Ingiza nembo mpya kama faili. Sahihisha Excel, sasisha jedwali mara moja ya mwisho, chapa kurasa zake kwenye karatasi za kawaida na mpelekee mhasibu azisome na kusaini kila moja. Akishasaini, kata linki ya jedwali. Halafu tumia amri ya Package. Itakutengenezea folda yenye nakala ya kazi, picha zake kwenye folda ya Links, na fonti zake. Hiyo folda nzima ndiyo unayoibeba, pamoja na PDF. Usitoe faili moja ndani yake ukaja nalo peke yake.

Na kabla ya kukata tiketi, ifungue folda hiyo kwenye kompyuta ya jirani, moja ambayo haijawahi kuona kazi yako hata siku moja. Paneli ya Links ikikaa kimya, bila nyekundu na bila njano, panda basi.